Mshenga wa Simu

Nchi yangu sitaitaja jina. Si kwamba naogopa. Nchi yenyewe ndiyo haipendi kutajwa na watu wasio na kibali, na kibali changu kiko mezani kwa mkubwa fulani aliyetoka zamani kidogo kwenda kunywa chai. Itoshe kusema kwamba ni nchi nzuri, ina bendera, ina redio, na ina Wizara ya Mahitaji Binafsi, ambayo nasikia nchi nyingine hazina, maskini.

Wizara hiyo ilianzishwa baada ya serikali kugundua kwamba wananchi hawajui kuchagua simu. Uchunguzi ulifanywa. Ikaonekana kwamba mtu anaingia dukani, anaitazama simu, anaipenda, anainunua na kuondoka nayo bila kumuuliza kiongozi yeyote. Ajuza mmoja alinunua simu yenye tochi kali, ilhali hulala mara tu baada ya isha. Mpiga tarumbeta wa bendi ya polisi alichagua ya kijani kwa sababu anapenda kijani. Serikali iliumia sana.

Waziri wetu, Mheshimiwa Daktari Bwanaheri Mtepeta, alilia redioni. Nilimsikia kwa masikio yangu.

"Ndugu wananchi," alisema, na hapo akapenga kamasi kwa heshima, "mahitaji binafsi ni jambo zito mno kuachiwa mtu binafsi! Mtu hajijui. Asubuhi anataka hiki, jioni anataka kile. Anayemjua ni serikali yake na rafiki yake. Kuanzia leo hakuna atakayejichagulia simu. Simu itaposwa!"

Tulipiga makofi, maana kuposa tunakujua. Sheria ikawa hivi: kila mwenye haja atafute mshenga anayemfahamu vizuri. Mshenga atakwenda Wizarani na sinia ya tambuu, ataeleza mwenziwe anahitaji simu ya namna gani, nao Wizarani watamzungusha kidogo kama wazee wa bi harusi wanavyomzungusha mshenga, kisha watamkubalia. Mwenye haja mwenyewe atakaa nyuma ya pazia ameinamisha kichwa. Akiulizwa kama ameridhika, atanyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kukubali. Atakayefungua kinywa mbele ya mshenga wake atahesabiwa kuwa mtu asiye na adabu, na mtu asiye na adabu hapewi simu maisha yake yote. Serikali ilisema huu ndio utamaduni wetu. Tulifurahi kwamba imeukumbuka.

Simu za zamani zilikusanywa na malori. Yangu nilimkabidhi askari kwa mikono miwili. Nilipomwomba risiti, alinijibu kwamba risiti nazo zinangoja kuposwa.

*

Sasa niseme haja yangu, kwa kuwa humu hakuna pazia.

Jina langu Mbaruku, muoka mikate ya ufuta. Nina mke, Siwema, na binti mmoja, Raya, ambaye ni kiziwi tangu kuzaliwa. Maneno yetu na Raya yote yako mikononi. Hatukufundishwa na mtu. Tuliyabuni wenyewe kibarazani, neno kwa neno, mpaka tukawa na lugha kamili ya nyumba yetu. Jina langu ni kusugua vidole, kama ninavyonyunyizia ufuta juu ya mkate. Jina la mama yake ni mkono kiunoni, na anayemjua Siwema haulizi kwa nini. Shule ya viziwi ilipojengwa mtaani kwetu, Waziri alikuja kuifungua asubuhi, na jioni ikatiwa kufuli isije ikachafuka. Kwa hiyo Raya hakujifunza kusoma. Tarakimu anazijua, kwa sababu alikuwa akinihesabia mikate.

Alipokuwa mkubwa alipata kazi nchi jirani, kwenye kiwanda cha vifungo vya nguo. Huko, aibu iliyoje, mtu anachagua simu kama anavyochagua nyanya. Kila siku baada ya alasiri, akitoka kazini, alinipigia kwa picha. Kioo cha simu yangu kilikuwa na ufa, basi Raya nilikuwa nikimwona ana ufa shavuni, lakini mikono yake ilionekana sawasawa. Alivaa bangili za fedha za mama yake, na kila neno alilosema bangili zililia. Alinieleza alichokula, aliyemchokoza, na jinsi msimamizi wake anavyotembea. Tulicheka hadi mikate ikaungua. Sijui watu wengine wanazitumia simu kwa kazi gani. Mimi niliitumia kumwona mwanangu akizungumza.

Basi haja yangu ilikuwa hiyo tu, simu yenye jicho.

"Mshenga utamtuma nani, Baba Raya?" Siwema aliniuliza.

"Khatibu."

"Khatibu yule aliyewaambia wazee wangu una nyumba ya vigae?"

"Si uliolewa?"

"Niliolewa. Nikafika nikakuta makuti."

Lakini nani mwingine? Khatibu ni swahiba wangu tangu tukiwa watoto. Ndiye aliyekwenda kuniposea Siwema, na uongo alioutumia siku ile nimeufaidi mpaka leo. Zaidi ya hayo, yeye peke yake nje ya nyumba yetu ndiye aliyeijua lugha ya Raya. Alikaa kibarazani petu miaka yote akijifunza neno moja moja, akikosea na kuchekwa. Raya alimpa jina la kusokota masharubu, kwa sababu Khatibu ana masharubu makubwa na anayapenda kuliko jamaa zake wengi.

Nilimweleza haja yangu, nikairudia. Akaweka mkono kifuani.

"Yakhe, Raya si mwanangu pia? Jicho utalipata. Kubwa!"

*

Baraza la Mahitaji lilikuwa katika ukumbi wenye mapazia mengi. Niliketishwa nyuma ya pazia la waridi, juu ya mkeka, kichwa chini. Mwenyekiti, bwana mnene aitwaye Mshangama, alichukua tambuu kutoka kwenye sinia yetu akaanza kutafuna.

"Tumekuja," Khatibu alianza kwa sauti ile ile aliyotumia kwa wakwe zangu. "Tumesikia kwenu kuna simu."

"Simu zipo, tena zimelelewa vizuri. Mwenye haja ni nani?"

"Kijana wetu mmoja. Ana mvi, lakini kijana."

"Tabia yake?"

"Mpole. Hana maneno."

"Anatulia nyumbani?"

"Hana kwingine kwa kwenda, Bwana Mwenyekiti."

"Vyema. Na anahitaji nini?"

Nilishika pembe ya mkeka. Hapa ndipo neno jicho lilipotakiwa kutoka.

"Anahitaji kusikiliza," akasema Khatibu.

"Kusikiliza nini?"

"Kusikiliza viongozi. Bwana huyu ametumia macho mno. Kila siku macho, macho. Masikio yake yamekaa bure, na yeye mwenyewe yanamsikitisha."

Nilikohoa.

"Mwenye haja amekohoa," karani akasema.

"Amekohoa kwa furaha?" Mwenyekiti akauliza.

"Kwa furaha," akajibu Khatibu.

Msomaji ataniuliza kwa nini sikulipasua lile pazia nikatoka. Ningetoka, ningekosa simu maisha yangu yote. Tena nilijiambia kwamba Khatibu anawazungusha. Kwa wakwe zangu nako alianza kwa kusifu ng'ombe nisiokuwa nao, na mwisho tulikula pilau. Mwenyekiti aliniuliza kama nimeridhika. Nikanyamaza. Akaniuliza tena, nikanyamaza. Wote wakasema mashaallah, ana adabu.

Nje nilimshika Khatibu mkono. "Mbona umeomba masikio?"

"Tulia, bwana! Ukiwaomba jicho moja kwa moja watakunyima. Waombe sikio, wataona haya, wataongeza jicho wenyewe. Mimi ndiye mshenga au wewe?"

Nikamwamini, tena nikamnunulia kahawa na kashata.

*

Wizara ilitafakari. Wizara yetu ikitafakari haitaki kuharakishwa, na wakati huo wote baada ya alasiri mimi na Siwema tulikaa kibarazani bila kujua tutazame wapi.

Ndipo akaja Bi Mwanahawa, jirani yetu, ambaye huvuka mpaka kununua mitumba.

"Nimemwona binti yenu," alisema. "Amekonda. Mimi lugha yenu siijui, lakini alifanya hivi." Akasugua vidole. "Halafu akafumba macho, akalaza kichwa begani. Akanitazama, anangoja nimjibu."

Siwema alikaa chini. Raya alikuwa anauliza kama baba yake amekufa.

"Ukamjibu nini?" nikauliza.

"Nilikisia, nikatikisa kichwa kukataa, baba, lakini sijui kama ameniamini. Kila jioni wanakaa kwenye bwalo la kiwanda, kuna televisheni, na yeye anawaomba wamwekee kituo cha kwetu. Naona anawatafuta nyinyi humo."

Nilikwenda kwa Khatibu mbio nikamweleza. Alitazama pembeni, akasokota masharubu, akasema Wizara haikimbizwi.

Wizara ilipomaliza kutafakari ilinitangaza kuwa Mwenye Haja wa Mfano, kwa sababu katika nchi nzima hakuna aliyeombewa kidogo kama mimi. Simu yangu ingefunuliwa uwanjani na Waziri mwenyewe, na sherehe ingeonyeshwa mpaka nchi jirani ili majirani waone wivu. Mwenzenu moyo uliruka. Raya ataniona! Na nikishapewa jicho, mimi nitamwona.

*

Simu ililetwa kama bi harusi, juu ya kitanda cha besera chenye chandalua, imefunikwa shela, imefukizwa udi. Bendi ya polisi ilipiga. Nilipanda jukwaani na kanzu yangu ya sikukuu, Khatibu ubavuni. Chini ya kidevu changu, kwenye televisheni, waliandika namba ya simu yangu mpya kwa tarakimu kubwa ili wananchi wanipigie kunipongeza.

Waziri alihutubia. Alisema zamani watu walizifuata simu, leo simu zinawafuata watu. Alisema nchi zilizoendelea zinatuomba tuwafundishe, ila anawaona bado hawajakomaa. Kisha akaishika shela kwa ncha za vidole na kuifunua.

Ilikuwa nyeusi, nzito kama mche wa sabuni, imejaa vitundu vya sauti mbele na nyuma. Niliigeuza. Nikaigeuza tena. Jicho halikuwepo. Pale pale ikaanza yenyewe kutoa hotuba ya Waziri, ile ile aliyokuwa ametoka kuitoa, na kitufe cha kuizima hakikuwekwa, kwa kuwa Baraza lilithibitisha sina haja nacho.

"Na mshenga haondoki mikono mitupu!" Waziri akasema. "Serikali hii ina siri yake ndogo ya ukarimu. Kila mshenga anayemwombea mwenziwe kidogo, yeye hupewa kikubwa!"

Akamkabidhi Khatibu kilemba chake, zawadi ya ushenga. Ilikuwa simu nyembamba, kioo chake chote kinang'aa, na nyuma yake ina macho matatu.

Nilimtazama Khatibu. Yeye alitazama viatu vyake. Basi nikajua kwamba alijua tangu siku ile alipoweka mkono kifuani na kusema Raya ni mwanawe pia. Nimewahi kuibiwa unga, nimewahi kuunguliwa na tanuri, lakini sijawahi kuumia kama nilivyoumia juu ya jukwaa lile, mbele ya watu wanaonishangilia.

"Mwenye haja," Waziri akasema, "umeridhika?"

Kamera ikanisogelea. Kinywa changu kilikuwa kimefungwa na sheria, lakini mikono hakuna aliyeikumbuka. Niliiweka ile simu chini, inaendelea kuhutubia peke yake, nikainua mikono mbele ya kamera.

Nilisugua vidole. Nikagusa kifua na kufumbua macho makubwa: baba yu hai. Nikasokota masharubu nisiyokuwa nayo, nikapitisha kiganja juu ya kiganja na kukisukuma mbali, kama tunavyofanya mkate unapokwenda kwa mnunuzi: Masharubu ameniuza. Nikaziba jicho moja, nikaziba la pili: sina cha kukuonea.

"Anasema nini huyu?" Waziri akauliza.

Katika uwanja ule uliojaa watu, mtu mmoja tu alijua. Alikuwa amesimama karibu yangu. Nilirudia maneno yangu yote polepole, nikimtazama yeye, ili asije akasema hakuona vizuri. Alipoona masharubu, mkono wake ukaenda kwenye yake.

"Mheshimiwa," akasema Khatibu, "anashukuru. Anasema furaha imemziba mdomo, na fadhila za serikali zimemtia upofu."

Uwanja ulilipuka kwa makofi. Waziri alipangusa machozi, akaomba nimfundishe. Nilimfundisha. Alisokota masharubu ya hewani, akapitisha kiganja juu ya kiganja, akasukuma. Wiki haikwisha, ishara ile ikawa Shukrani Rasmi ya Taifa. Sasa kila asubuhi, kabla ya kazi, watumishi wote wa serikali husimama mbele ya bendera na kutangaza kwa mikono kwamba Masharubu amewauza. Khatibu naye hufanya. Sheria haina upendeleo.

*

Siwema ndiye aliyekwenda kwake. Mimi nilibaki mlangoni.

"Shemeji Khatibu, sikuja kugombana," alisema. "Tuazime simu. Baada ya alasiri tu, tumwone mtoto, tukurudishie."

"Ah, shemeji, ningefurahi. Lakini inafunguka kwa uso wangu tu."

"Basi njoo na uso wako."

"Kuna kanuni. Mshenga hamwazimi mwenye haja kilemba chake, itaonekana haja hazikupangwa vizuri. Mnataka nifungwe?"

"Hata kumpigia wewe mwenyewe? Umwambie tu baba yake mzima?"

"Namba yake sina."

"Tunayo sisi. Naijua kichwani. Nikutajie?"

Simu ilikuwa imeegemezwa kwenye birika, macho matatu yametazama ukutani, na kiooni ulionekana uso wake mwenyewe, mkubwa na mweupe kwa povu. Alikuwa akiitumia kupunguzia masharubu.

"Uliiomba kwa ajili hiyo?" Siwema akamuuliza.

"Na mimi nilikuwa na haja zangu, shemeji. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Siwema alimsogelea. Kisha akasokota masharubu ya hewani, akapitisha kiganja juu ya kiganja, akakisukuma. Akageuka, akaniambia twende nyumbani. Njiani tulipishana na mjumbe wa mtaa, akatusifu kwa uzalendo.

*

Ile simu ya kusikiliza tunaishi nayo. Inahutubia tukila, inahutubia nikikanda unga. Niliifunika kwa mto, na Wizara ikatuma mtu kuuondoa mto. Kila asubuhi sauti ya bibi mmoja mwenye adabu hutoka katika vile vitundu na kuuliza, "Mpendwa mwenye haja, umeridhika?" Mtu akinyamaza, husema, "Umeridhika. Ahsante." Mtu akipiga kelele kwamba hajaridhika, husema kwamba sauti yake haisikiki vizuri, na akinyamaza kwa kuchoka, husema ameridhika.

Jana baada ya alasiri, saa ile ile ya zamani, hotuba ilikatika katikati na simu ikalia. Nilidhani ni mtu wa kunipongeza, maana bado wapo. Niliipokea.

"Haloo?"

Kimya.

"Haloo? Nani mwenzangu?"

Kimya tena, kisha bangili zikalia.

Nilimwita Siwema, nikaiweka simu juu ya mkeka kati yetu. Alikuwa Raya. Ameinakili ile namba iliyoandikwa chini ya kidevu changu, tarakimu zote bila kukosea, na sasa alikuwa mbele ya simu yake huko kiwandani akizungumza na kioo cheusi. Bangili zililia haraka haraka, zikatua, zikalia tena. Alikuwa anauliza jambo. Siwema aliinama akaweka sikio, kana kwamba sikio lingemwonyesha vidole.

"Anasema nini, Baba Raya?"

"Sijui."

"Mjibu!"

Nikasugua vidole mbele ya vile vitundu. Mama yake akaweka mkono kiunoni. Tulimwambia tu wazima, tulimwambia ale, tulimwambia asilie. Bangili zilingoja. Zililia mara moja, polepole, halafu hazikulia tena, lakini simu haikukatwa, na tulijua bado yupo anatazama kioo.

Ndipo bibi yule mwenye adabu akaingia.

"Mpigaji amenyamaza," alisema. "Mpigaji ameridhika. Ahsante."

Akamkata, na Mheshimiwa Waziri akaendelea pale alipokuwa ameishia.